Nionyeshe Swali Ulilojibu

Barua za kukataa dai la bima ya kipato zinafanana. Aya ya kwanza inakupa pole kwa maradhi. Ya pili inasema kampuni imepitia kumbukumbu zako za matibabu kwa makini. Ya tatu ndiyo yenye neno lenyewe: kwamba ugonjwa unaoudai ulikuwepo kabla hujakata bima, au kwamba ulipoulizwa habari za afya yako hukujibu sawasawa, na kwa hiyo hakuna malipo. Nyingine zinaongeza kwamba mkataba wako umefutwa tangu siku ya kwanza, kana kwamba hukuwahi kuwa nao.

Barua hizo nimezijua kwa ndani na kwa nje. Hapa Uingereza nilianzia kwenye ofisi ya madai ya kampuni ya bima, kazi ikiwa kusoma mafaili ya wagonjwa kutwa nzima. Sasa kazi yangu ni kuwasaidia waliokataliwa, na wengi wanaonifikia ni watu wetu: wauguzi, wanaofanya kea ya kuhudumia wazee, madereva wa mabasi na malori, wapishi. Naona watu wakipoteza madai ambayo wangeweza kuyashinda, na sababu karibu kila mara ni ileile. Wanapigania ugonjwa. Wanakusanya picha za eksirei, barua za madaktari bingwa, orodha ya dawa, mpaka barua ya mchungaji au imamu, ili kuthibitisha kwamba kweli wanaumwa. Kampuni haijasema hawaumwi. Kampuni imeshikilia kitu walichokisema, au walichokinyamazia, siku ya kujaza fomu. Ndiyo maana mtu akija kwangu na barua yake, cheti cha daktari nakiweka pembeni kwanza. Namwambia: nionyeshe swali ulilojibu.

Kwa asiyeijua, bima ya kulinda kipato inakulipa sehemu ya mshahara wako kila mwezi pale maradhi au ajali inapokuzuia kufanya kazi. Mikataba mingi hulipa kati ya asilimia 50 na 70 ya kipato. Malipo hayaanzi siku unayougua. Kuna kipindi cha kungoja ulichokichagua mwenyewe, kinaweza kuwa wiki 4, 13, 26 au hata 52. Watu huikata kwa sababu wanajua kinachowasubiri bila hiyo. Posho ya ugonjwa inayolazimishwa na sheria hulipwa na mwajiri kwa wiki zisizozidi 28, na katika mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 118.75 kwa wiki. Mtu mwenye kodi ya nyumba Leicester au Reading, na mama anayemtumia fedha Tanga kila mwezi, anajua hesabu hiyo haifiki popote. Anakata bima, ada inakatwa benki mwezi hadi mwezi, miaka inapita. Siku anapoihitaji ndipo faili lake la afya linafunguliwa na kusomwa mstari kwa mstari.

Jambo hilo lieleweni vizuri. Kampuni nyingi hazisomi faili lako siku ya kukuuzia. Zinakuuliza maswali, zinaamini majibu, zinaanza kupokea ada. Faili huitwa unapodai. Na faili la daktari wa familia wa Uingereza ni kitu kirefu: kila ulipokwenda, kila ulipopiga simu, kila kipimo, kila kifupisho alichokiandika daktari ndani ya dakika 10 alizokuwa nawe. Ukimwambia umechoka, anaandika herufi nne, TATT, maana yake mgonjwa analalamika uchovu wa kila wakati. Umesahau ulipofika mlangoni, lakini herufi hizo zimebaki. Miaka minne baadaye mtu asiyekufahamu anazikuta, anazipigia mstari, na kuuliza kwa nini hukuzitaja.

Nitaeleza kesi ya mama mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo madogomadogo ili asitambulike. Alikuwa akifanya kea kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku kwa sehemu kubwa. Diski ya mgongo ilimtoka, mshipa wa fahamu ukabanwa, akafanyiwa upasuaji, na baada ya upasuaji mguu wa kushoto haukurudi kama zamani. Kumwinua mzee kitandani hakuwezekani tena. Akadai. Kampuni ikakataa, ikisema kwamba miaka minne kabla ya kukata bima alimwona daktari kwa maumivu ya mgongo na hakusema.

Alipokuja, hakuanza na fedha. Aliweka barua mezani akasema, "Mwanangu, hawa watu wananiita mwongo. Mimi nimelea wanangu kwa jasho, sijamdanganya mtu."

Nikamwambia, "Mama, hakuna aliyekuja hapa kukuhukumu. Nipe kwanza karatasi za siku ile ulipokata bima."

"Karatasi gani? Nilipiga simu tu. Kijana akaniulizauliza, nikamjibu, akaniambia tayari."

Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyoniamsha. Kama mkataba ulifanywa kwa simu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mazungumzo yalirekodiwa. Na kama yalirekodiwa, ni mali anayoweza kuidai. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inampa kila mtu haki ya kuomba nakala ya taarifa zake zilizoko kwa kampuni yoyote, bila malipo, na kampuni inatakiwa ijibu ndani ya mwezi mmoja, ingawa kwa maombi magumu inaweza kuongeza muda. Tukaandika maombi mawili. Moja kwa kampuni ya bima: fomu ya maombi, rekodi ya simu, barua zote, maandishi ya ndani ya waliolipitia dai. La pili kwa kliniki ya daktari wake: faili zima, siyo muhtasari.

Faili la daktari lilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu mgongo kabla ya bima. Ulisema kwa ufupi: amejikaza mgongo akimwinua mgonjwa kazini, hakuna dalili ya mshipa wa fahamu, ameshauriwa apumzike na anunue dawa ya maumivu, arudi kama haponi. Hakurudi. Mstari huo mmoja ndio uliojengewa barua ya kurasa tatu.

Fomu iliyochapwa ilikuwa na swali refu: katika miaka mitano iliyopita, umewahi kuwa na tatizo lolote la mgongo, shingo au viungo lililohitaji matibabu, uchunguzi, au kukukosesha kazi? Jibu lilikuwa hapana. Ukiisoma fomu peke yake, unaona kampuni ina hoja. Kisha tukasikiliza rekodi. Kijana wa mauzo, mfanyakazi wa kampuni yenyewe, anasoma haraka, na anapofika hapo anasema kwa Kiingereza chake cha mbio jambo hili tu: mgongo umewahi kukukosesha kazi? Mama anajibu hapana. Kijana anasonga mbele kwenye shinikizo la damu.

Mama hakusema uongo. Alijibu swali aliloulizwa, na jibu lilikuwa kweli. Tuliomba kwa mwajiri orodha ya zamu za wiki ile alipomwona daktari, na jina lake lilikuwemo kwenye zamu zote alizopangiwa. Hakukosa hata moja.

Hapa ndipo sheria inapobeba uzito, na watu wengi hawajui kwamba ilibadilika. Kwa zaidi ya miaka 200, mkata bima wa Uingereza alikuwa na wajibu wa kumwambia mtoa bima kila jambo lenye uzito hata kama hakuulizwa. Mzizi wake husemwa kuwa kesi ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766. George Carter alikuwa gavana wa ngome ya Fort Marlborough huko Sumatra, akakata bima dhidi ya kutekwa na adui wa kutoka Ulaya, na Wafaransa wakaja kweli wakaiteka. Aliyetoa bima, Boehm, alisema hakuambiwa jinsi ngome ilivyokuwa dhaifu. Jaji, Lord Mansfield, alieleza kanuni ya nia njema kati ya pande mbili, na maneno yake yakanukuliwa kwa vizazi na mawakili wa kampuni za bima kana kwamba yalikuwa silaha yao. Linalosahaulika ni kwamba aliyeshinda kesi ile ni Carter, aliyekata bima. Mansfield aliona kwamba mtoa bima aliyekaa London angeweza kuuliza, na hakuuliza. Kanuni ikaingizwa kwenye Sheria ya Bima ya Baharini ya mwaka 1906, na mahakama zikaitumia kwa bima za aina nyingine pia, za maisha na za magonjwa, kwa ukali ambao ulikuwa ukimwangusha mgonjwa kwa kusahau jambo moja dogo.

Bunge la Uingereza liliuondoa ukali huo kwa mtu wa kawaida kwa sheria ya mwaka 2012 inayohusu maelezo ya mlaji anapokata bima, iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2013. Tangu siku hiyo, mtu anayejikatia bima yake binafsi hana wajibu wa kujitolea kusema asichoulizwa. Wajibu wake ni mmoja: ajitahidi kwa uangalifu wa mtu mwenye akili timamu asitoe maelezo yasiyo ya kweli. Na katika kupima uangalifu huo, sheria yenyewe inataja jinsi maswali ya kampuni yalivyokuwa wazi na mahususi. Swali likiwa la ovyo, anayebeba lawama ni aliyeliuliza.

Sheria ikaenda mbali zaidi. Hata kama kosa lipo, lazima lipimwe ni la namna gani. Kuna kosa la makusudi au la kutojali kabisa kama unasema kweli au uongo, na kuna kosa la uzembe wa kawaida. La kwanza, kampuni inaweza kufuta mkataba, kukataa madai yote na kubaki na ada, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo ni kumdhulumu mteja. Lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikusudia uko juu ya kampuni. La pili, la uzembe, adhabu haiwezi kuzidi hasara. Kampuni inapaswa kuwekwa mahali ambapo ingekuwa kama ungejibu vizuri. Kama isingekukubali kabisa, inaweza kufuta, lakini irudishe ada. Kama ingekukubali kwa masharti mengine, mkataba unachukuliwa kuwa na masharti hayo tangu mwanzo. Kama ingekutoza ada kubwa zaidi, malipo yako yanapunguzwa kwa uwiano. Chukua mtu aliyelipa pauni 30 kwa mwezi wakati angetozwa 40: amelipa robo tatu ya ada, basi anapata robo tatu ya malipo. Aliyetarajia 1,200 kwa mwezi anapata 900. Si sifuri. Nimewaona watu waliokubali sifuri kwa sababu barua iliandikwa kwa lugha nzito, wakati haki yao halali ilikuwa robo tatu.

Na kuna kitu kimoja cha kudai ambacho karibu hakuna anayekidai peke yake: ushahidi wa kampuni kuhusu ambacho ingefanya. Haitoshi kusema tu kwamba tungejua tusingekukatia. Kampuni ina mwongozo wa ndani unaowaambia watathmini wake wafanye nini mtu akitaja mgongo uliokazika mara moja bila kwenda kwa mtaalamu. Yawezekana mwongozo unasema mpokee kwa ada ya kawaida. Kampuni nyingi hazimpi mteja mwongozo huo, zikisema ni siri ya biashara, lakini msuluhishi huru wa malalamiko ya fedha akiuomba huupata. Andika kwenye malalamiko kwamba unauomba. Ukishaandika, msuluhishi atajua pa kuangalia.

Kampuni ya mama ilikuwa na hoja moja ya maana, na sikuificha mbele yake. Baada ya simu, walimtumia kwa posta nakala ya majibu yake, na barua ikimtaka asome na kusahihisha. Hakusahihisha. Bahasha hiyo tuliikuta ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na barua za umeme na za shule ya mjukuu, imefunguliwa, kurasa zimekunjwa kama zilivyotoka. Hilo lilikuwa doa. Tulijibu kwa namna mbili. Kwanza, nakala ile ilichapa swali ambalo hakuwahi kulisikia, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushuku kwamba jibu lake limebandikwa juu ya swali jingine. Pili, hata swali refu lenyewe, mfanyakazi wa kea anayeambiwa na daktari akanunue dawa ya maumivu dukani na aliyeingia zamu siku iliyofuata angelielewaje neno matibabu? Mgongo kuuma ni sehemu ya kazi ile. Muulize yeyote aliyewahi kumgeuza mtu mzima kitandani saa tisa usiku wakiwa wawili tu kwa wakazi 20.

Kampuni ilishikilia msimamo wake kwenye barua ya mwisho. Tukapeleka malalamiko kwa msuluhishi, yaani Financial Ombudsman Service, ofisi huru ya kusuluhisha malalamiko kati ya wateja na kampuni za fedha. Mchunguzi wao alisikiliza rekodi ileile, akaona kwamba hakukuwa na maelezo ya uongo, na kama hakuna maelezo ya uongo hakuna hatua yoyote ambayo kampuni inaruhusiwa kuchukua. Kampuni ikakubali. Mama akalipwa malimbikizo yote tangu kipindi cha kungoja kilipokwisha, na riba juu yake.

Rekodi ya simu haisaidii kila mtu. Jambo linalobadilisha kila kitu ni nani aliyekuuliza maswali. Kijana yule alikuwa wa kampuni, kwa hiyo makosa yake ni ya kampuni. Lakini wengi wetu tunakata bima kupitia mshauri wa kujitegemea, mara nyingi mtu wa jumuiya yetu anayetusaidia pia na mkopo wa nyumba. Huyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa wakala wako wewe. Akikufupishia swali, au akikwambia "hilo dogo, tusiliandike", sheria inaweza kuyahesabu kuwa ni maneno yako. Hapo malalamiko yanaelekezwa kwake, na yanaweza kufika kwa msuluhishi yuleyule. Watu wanaona haya kumlalamikia ndugu wa jumuiya. Nawaelewa, lakini washauri hao hutakiwa wawe na bima ya makosa yao ya kazi kwa ajili ya siku kama hiyo, na mwenye mguu usiofanya kazi hana sababu ya kubeba hasara ya mwingine kwa ajili ya heshima.

Sasa nieleze upande wa pili, kwa sababu si kila barua inayotaja ugonjwa wa awali inazungumzia maswali. Kuna mikataba, hasa ile ya muda mfupi ya kulipia rehani au mkopo ukiugua, ambayo haiulizi chochote kuhusu afya. Inakupokea ulivyo. Badala yake ina kipengele kinachosema haitalipa kwa ugonjwa uliokuwepo kabla. Huwezi kujitetea kwamba ulijibu vizuri, maana hukuulizwa. Pambano linakuwa juu ya maneno ya kipengele chenyewe, na hapo neno moja linaamua.

Dereva mmoja wa basi alikuwa na mkataba wa namna hiyo. Miezi michache kabla ya kuukata alimwambia daktari kwamba kifua kinambana akipanda ngazi. Akaambiwa ni asidi ya tumbo, akapewa vidonge. Mwaka uliofuata akapata shambulio la moyo. Kama kipengele kingesema ugonjwa ulioujua, angeshinda, kwa kuwa hakujua ana ugonjwa wa moyo. Daktari mwenyewe hakujua. Kipengele kilisema ugonjwa au dalili zake, ndani ya miezi 12 kabla ya mkataba, iwe ugonjwa ulikuwa umetambuliwa au la. Dalili alizijua, alizieleza kwa mdomo wake.

Bado palikuwa na mlango mmoja. Katika sheria ya Uingereza, anayedai anapaswa kuonyesha kwamba hasara yake inaingia kwenye bima, lakini anayejificha nyuma ya kipengele cha kutolipa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba kipengele kinahusika. Kampuni ilitakiwa kuonyesha kwamba kubanwa kule kwa kifua kulikuwa dalili ya moyo, siyo ya tumbo. Tukamwandikia daktari wake wa moyo. Na hapa niseme jinsi ya kumwandikia daktari, kwa sababu barua za kuomba "msaada kwa mgonjwa wangu" hazina faida. Mwulize swali moja linalojibika: kwa maoni yako, je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko nusu kwamba dalili zilizoandikwa tarehe fulani zilitokana na ugonjwa uliogunduliwa tarehe fulani? Ambatanisha ukurasa wa faili. Yule daktari alijibu kwa uaminifu kwamba ndiyo, uwezekano mkubwa ulikuwa moyo. Tukashindwa. Kilichobaki kilikuwa malalamiko juu ya mauzo: aliyemuuzia hakumwonyesha kipengele hicho, ingawa alikuwa ametajiwa vile vidonge. Ada zake zikarudishwa. Ni fedha kidogo kwa mtu aliyepoteza leseni ya kuendesha basi, na sitasema kwamba aliridhika.

Pale ambapo maneno ya kipengele yana maana mbili, usikubali ile inayokuumiza. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inasema neno la mkataba wa mlaji likiweza kueleweka kwa namna tofauti, inachukuliwa maana inayomfaa mlaji. Nimeona barua ikitafsiri "ushauri wa daktari" kuwa ni pamoja na mazungumzo ya mfamasia kaunta. Tukaandika aya mbili tu kupinga, dai likafunguliwa upya.

Kuhusu muda, hapa nasisitiza kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea. Barua ya kukataa dai si mwisho na pia si mwanzo wa hesabu ya msuluhishi. Kwanza andika malalamiko rasmi kwa kampuni, na utumie neno malalamiko waziwazi. Kampuni ina wiki 8 kukupa jibu la mwisho. Ikitoa jibu hilo, au wiki 8 zikipita kimya, unaweza kwenda kwa msuluhishi, na hulipi kitu. Lakini tangu tarehe ya jibu la mwisho una miezi 6. Ikipita, kampuni inaweza kukataa msuluhishi asisikilize, na sababu za kuchelewa zinazokubalika ni chache mno. Watu wanaoumwa huweka bahasha pembeni. Ndugu wa karibu na wasaidie hapo: wafungue barua, waandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Uamuzi wa mwisho wa msuluhishi ukiukubali, unaifunga kampuni. Usipoukubali, mahakama bado iko wazi kwako.

Ndugu walioko nyumbani huniuliza kama haya yanafanya kazi Dar es Salaam au Mombasa. Sheria ya 2012 ni ya Uingereza. Kenya ina Sheria ya Bima ya Baharini, Sura ya 390, iliyofuata mtindo wa ile ya Uingereza ya 1906, na kanuni ya zamani ya kusema kila jambo lenye uzito haijaondoka huko. Tanzania nayo ina msuluhishi wake wa migogoro ya bima, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na ni mahali pa kuanzia kabla ya kutafuta wakili. Anayekata bima Afrika Mashariki aseme zaidi ya anachoulizwa, kwa maandishi, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Na kwa aliyeko Uingereza ambaye bado hajadai, au anadai sasa, kuna haki moja ambayo watu huikataa wenyewe bila kujua. Kampuni inapotaka ripoti kutoka kwa daktari wako, fomu ya idhini inakuuliza kama ungependa kuiona kabla haijatumwa. Sheria ya mwaka 1988 ya kupata ripoti za matibabu inakupa haki hiyo, na ukiitumia unapewa siku 21 za kuipitia. Wengi huweka alama kwenye hapana ili mambo yaende haraka. Weka ndiyo. Isome. Ukikuta daktari ameandika "maumivu ya mgongo ya muda mrefu" wakati ulikwenda mara moja, mwombe arekebishe, na akikataa una haki ya kuambatanisha maelezo yako kwenye ripoti. Ni rahisi mno kurekebisha neno kabla halijafika kwa kampuni kuliko kulipinga mwaka mzima baadaye.

Mama yule bado analipwa. Kampuni humwandikia mara kwa mara kutaka kujua kama hali imebadilika, kama mkataba unavyoiruhusu, na kila barua ikija hunipigia. Tunasoma pamoja swali kwa swali. Safari iliyopita fomu ilimuuliza kama anaweza kutembea mita 200, na ndani ya mabano pakaandikwa: bila kusimama. Anaweza kuzitembea, ila husimama mara mbili njiani kwa mguu ule. Kisanduku hakikumpa nafasi ya kusema hivyo. Tukaandika pembeni kwa kalamu, tukapiga picha ukurasa, ndipo tukaupeleka posta.